Diski ya TB 4 ndani ya OptiPlex 780: kwenye doki inasoma 3.63, kwenye mashine GB 1678. Kosa liko wapi?

studio_busia

Wakubwa, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijabonyeza kitu nikajutia.

Mashine ni Dell OptiPlex 780, kasha kubwa la kusimama, Core 2 Duo, RAM GB 8. Windows 7 ya biti 64 yenye SP1 iko kwenye diski ya GB 250. Kuhamia Windows ya juu haiwezekani kwa sasa, maana kadi ya PCI ya kunasa video za kanda haina draiva nyingine. Kazi ni kupiga video za harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa). Saa moja ya video ya DV inakula GB 13, kwa hiyo hiyo GB 250 ilijaa siku nyingi.

Diski mpya ni SATA ya inchi 3.5, TB 4. Kwanza iliwekwa kwenye doki ya USB (kiti cha nje cha kuchomekea diski): Windows ikaiona TB 3.63, ikafomatiwa NTFS, ikapokea kazi za kama GB 600. Faili zote zinafunguka. Kisha ikatolewa kwenye doki na kufungwa ndani ya mashine kwa kebo ya SATA. Sasa diskmgmt.msc inaonyesha hivi:

Disk 1, jumla GB 1678
patisheni moja ya GB 465.75, RAW (yaani haisomeki)
nafasi ya GB 1212 ambayo haijagawiwa

Windows inauliza kama niifomati. Nimekataa. Muuzaji anasema mashine za zamani hazibebi zaidi ya TB 2, nirudishe nichukue mbili za TB 2. Mwingine anasema nibadilishe betri ya BIOS.

Ninachotaka kujua: kazi zangu bado zipo? Tatizo ni diski au mashine? Na Windows yenyewe inaweza kuhamia kwenye hii diski kubwa?

---

fundi_wa_bodi (Kampala)

Ndugu, umefanya vyema kukataa. Endelea kukataa. Faili zako zipo palepale, na diski haionyeshi dalili yoyote ya ubovu. Betri ya BIOS inatunza saa na mipangilio tu. Haihusiani kabisa na ukubwa wa diski.

Tazama namba ulizoandika, kwa sababu kila moja inataja mahali pake. Una matatizo mawili yaliyolaliana, na ndiyo maana picha haieleweki.

La kwanza ni GB 1678. Diski ya TB 4 ina sekta 7,814,037,168 za baiti 512, yaani baiti 4,000,787,030,016. Windows huhesabu GB kwa 1024, ndiyo maana ikiwa sawa inasoma GB 3726, au TB 3.63. Programu inayohifadhi namba ya sekta kwa biti 32 inafika sekta 4,294,967,296 halafu inaanza upya kwenye sifuri. Hizo ni GB 2048 kamili. Toa 2048 kwenye 3726 unabaki na 1678. Namba hiyo haitokei kwa bahati: kuna kitu kati ya Windows na diski kimezungusha hesabu na kukuonyesha masalio. Kwenye mashine zenye chipseti ya Intel za rika hilo, kitu hicho huwa ni draiva ya kidhibiti cha SATA, yaani Intel Matrix Storage, au Rapid Storage iliyo chini ya toleo 10.1. Wenye diski za TB 3 huona GB 746 kwa sababu hiyohiyo.

La pili ni GB 465.75. Igawe 3726 kwa 8 uone. Baadhi ya doki za USB, ili diski kubwa zisomeke hata na Windows XP, huidanganya kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4096 badala ya 512. Kwa sekta kubwa mara nane, jedwali la patisheni la mtindo wa zamani, MBR, linatosha hadi TB 16. Ulipofomati kwenye doki, jedwali liliandika kwamba patisheni ina sekta milioni 976 na ushee, likimaanisha za 4096. Ukiifunga moja kwa moja kwenye SATA, mashine inasoma namba ileile ikidhani ni za 512. Ukubwa unakuwa sehemu moja ya nane, mwanzo wa patisheni unatafutwa mahali pasipo, na Windows inasema RAW. Ukiirudisha kwenye doki ileile kila kitu kinarudi.

Hata GPT (jedwali la mtindo mpya) iliyotengenezwa kwenye doki ya namna hiyo haisomeki nje yake, maana kichwa cha GPT hukaa kwenye sekta ya 1, na sekta ya 1 ya doki si sekta ya 1 ya SATA. Fomati diski pale itakapoishi.

Kuhusu kuhamisha Windows: hapana. BIOS ya 780 ni ya mtindo wa zamani, haina UEFI (mfumo mpya wa kuwasha mashine), na Windows haiwaki kutoka kwenye GPT bila UEFI. Ukiiweka kwa MBR ili iwake, utapata GB 2048 tu na zinazobaki 1678 utazitazama hivihivi. Windows ibaki kwenye diski ndogo, na hii kubwa iwe ya kazi tu. Kwa diski ya data, Windows 7 inasoma GPT bila shida hata kwenye BIOS ya zamani. Kwa hiyo usirudishe diski dukani.

Sasa niambie mambo mawili. Fungua devmgmt.msc, nenda kwenye kidhibiti cha SATA, tazama faili za draiva: ni iaStor.sys au msahci.sys? Halafu ingia BIOS kwa F2 uone SATA Operation imewekwa kwenye nini.

---

studio_busia

Asante sana, fundi. Faili ni iaStor.sys, toleo 8.9. BIOS inasema RAID Autodetect / AHCI.

---

fundi_wa_bodi

Basi imejieleza. Hiyo 8.9 iko chini ya 10.1.

Kazi ya kwanza ni kuokoa zile GB 600, kabla ya kugusa draiva. Tafuta diski nyingine ya TB 1, hata ya kuazima. Rudisha TB 4 kwenye doki, nakili, kisha fungua faili chache za katikati na za mwisho uhakikishe zinacheza mpaka mwisho. USB ya 780 ni 2.0, kwa hiyo tegemea kama MB 30 kwa sekunde. GB 600 zitachukua saa tano na nusu hadi sita. Usianze jioni ambayo umeme hauaminiki.

---

dada_data (Arua)

Kabla hajakaa saa sita na doki, kuna njia fupi zaidi, na inampa uthibitisho wa bure kwamba mashine ni nzima.

Washa hiyo 780 kwa flashi yenye SystemRescue, Linux ya kuokolea mashine (F12 kuchagua kifaa cha kuwakia), diski ya TB 4 ikiwa imefungwa kwa SATA. Linux haitumii draiva ya Windows, kwa hiyo inaonyesha ukweli wa vifaa vyenyewe:

lsblk -b -o NAME,SIZE,LOG-SEC,PHY-SEC

Ukiona 4000787030016 na 512 mbele yake, basi madabodi na diski vinaelewana vizuri na lawama yote ni ya draiva ya Windows. Ukiona namba ndogo hapo pia, simama, rudi hapa useme.

Halafu, ili kusoma patisheni iliyotengenezwa na doki bila doki, mwambie Linux aitazame diski kana kwamba sekta zake ni za 4096. Tuseme diski ni sdb:

losetup -b 4096 -r -P -f --show /dev/sdb

Itajibu jina, kwa mfano /dev/loop1. Kisha:

mkdir /mnt/kazi
mount -t ntfs-3g -o ro /dev/loop1p1 /mnt/kazi

Herufi -r na neno ro zinazuia kuandika chochote, kwa hiyo huwezi kuharibu. Ukiona folda zako, nakili kwenda diski ya kuazima iliyofungwa kwa SATA pia. Kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde au zaidi, GB 600 zinaisha ndani ya saa mbili. Njia hiihii ndiyo inayookoa watu ambao doki yao imeungua na diski ikabaki haisomeki mahali pengine popote; wengi huambiwa data imekufa na ipo.

Ukiwa humohumo kwenye SystemRescue, pima afya ya diski:

smartctl -a /dev/sdb

Angalia mistari namba 5, 197 na 198, inayohesabu sekta mbovu: zote ziwe sifuri kwenye diski mpya. Namba 9 ni saa ilizowaka. Diski "mpya" yenye saa elfu ishirini ilitoka kwenye seva ya mtu. Wapo wanaofuta hesabu hiyo. Kwa diski za Seagate, smartctl kuanzia toleo 7.4 ina -l farm, kumbukumbu ya pili inayotaja saa pia, na hesabu mbili zisipolingana umejua. Namba 199 ikipanda, badilisha kebo ya SATA kwanza kabla ya kulaumu diski.

Na soma modeli kwenye kibandiko. Kuna diski zinazoandika mistari ikilaliana kama vigae vya paa, zinaitwa SMR. Barracuda ya TB 4 yenye namba ST4000DM004 ni mojawapo. Inafaa kuhifadhia kazi zilizokamilika. Kunasa video moja kwa moja juu yake, au kuhariri huku ukiandika faili kubwa mfululizo, kasi inashuka ghafla sehemu ya akiba ikijaa, na kunasa kutoka kwenye kanda hakusubiri: fremu zinadondoka. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, nasa kwenye diski ndogo, kisha hamishia kubwa.

---

volti_mbale

Upande wa umeme haujaguswa, na ndiko diski hufia.

Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka huvuta hadi kama ampea 2 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 24 kwa sekunde chache, halafu inatulia wati 5 hadi 8. Pawa saplai ya 780 inalimudu hilo ikiwa bado nzima. Ila hizo ni mashine za mwaka 2009 na 2010. Fungua, puliza vumbi, mulika tochi ndani ya matundu ya pawa saplai bila kuifungua: kapasita zenye vichwa vilivyovimba au uchafu wa kahawia chini yake, badilisha saplai nzima kwanza. Dalili ya saplai iliyochoka ni diski kutoa mlio wa "tik", kunyamaza, na kuanza tena, hasa mashine inapowaka ikiwa baridi.

Usitumie adapta ya Molex kwenda SATA ambayo kichwa chake cha plastiki kimemwagwa kizima juu ya nyaya. Ndani nyaya hukaa karibu mno, plastiki ikilegea kwa joto zinagusana, na hushika moto kweli. Chukua ile ambayo kila waya unaingia kwenye tundu lake na kifuniko kinabanwa juu.

Kama diski haizunguki kabisa, kimya, wala BIOS haiioni, lakini kwenye doki inafanya kazi: hesabu pini za plagi ya umeme kwenye diski kuanzia upande wa plagi ya data. Pini ya 3, kwenye diski zilizotolewa kwenye makasha ya USB au kwenye seva, ni ya kuizima diski. Saplai za zamani hupeleka volti 3.3 hapo bila kukatika, na diski inatii amri ya kulala. Ifunike pini hiyo kwa kipande chembamba cha utepe wa Kapton, au tumia adapta nzuri ya Molex, ambayo haina waya wa 3.3. Utepe wa kawaida wa karatasi haufai. Unateleza ukichomeka na gundi inabaki ndani.

Kwenye fremu ya plastiki ya Dell angalia kama pini zake zinaingia kwenye matundu ya ubavuni. Baadhi ya diski kubwa hazina tundu la katikati. Ikicheza kwenye fremu, mtetemo unaipunguzia kasi na maisha. Skurubu za diski ya inchi 3.5 ni zile nene za 6-32. Za M3 za diski ya laptop zinaingia lakini hazibani.

Acha nafasi kati ya diski mbili, moja juu moja chini, isiyopungua unene wa kidole. Joto likivuka nyuzi 50 mara kwa mara, weka feni mbele.

---

fundi_wa_bodi

Dada ameokoa muda, fuata njia yake. Hatua zinazofuata ni hizi, kwa mpangilio huu. Anza nazo ukishakuwa na nakala ya GB 600 mkononi.

Chomoa kwanza kebo ya diski ya TB 4. Kwenye Windows fungua regedit, nenda

HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\msahci

Thamani ya Start iwe 0. Mara nyingi utaikuta 3. Ukiruka hatua hii, Windows haitakuwa na draiva ya kusomea diski yake yenyewe wakati wa kuwaka, na utapata skrini ya buluu 0x0000007B. Ikikutokea, F8 wakati wa kuwaka, chagua mpangilio wa mwisho uliofanya kazi.

Kisha devmgmt.msc, kidhibiti cha SATA cha Intel, badilisha draiva, chagua mwenyewe kutoka kwenye orodha iliyomo ndani ya kompyuta, chukua "Standard AHCI 1.0 Serial ATA Controller". Washa upya. Wengine watasema weka Rapid Storage 10.1 au ya juu zaidi. Nayo inafanya kazi. Mimi napendelea draiva ya Windows yenyewe kwenye mashine isiyo na RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), kwa sababu kitu kimoja kinapungua cha kuharibika. Mtu ambaye BIOS yake imewekwa RAID On aihamishe kwenye AHCI (njia ya kawaida ya SATA) baada ya kuweka Start 0, siyo kabla. Na kama kweli ana RAID ya diski mbili, asiguse, aulize kwanza.

Windows ikiwaka vizuri, zima, rudisha kebo ya diski kubwa. Diski ya Windows ibaki SATA0. Isipoonekana, ingia BIOS kwenye Drives: Dell huruhusu kuzima kila tundu la SATA peke yake, na lisilotumika mara nyingi limezimwa.

Sasa diskpart, kwa ruhusa ya msimamizi:

list disk
select disk 1
detail disk

Namba ya diski inaweza kubadilika ukihamisha kebo, kwa hiyo chagua kwa ukubwa. Unataka ile inayosoma 3726 GB. Usipoiona 3726, acha hapo. Ukiiona, na detail disk ikakutajia modeli sahihi:

clean
convert gpt

Usiweke kazi bado. Fanya jaribio ambalo watu wengi hawalifanyi. Hatari kubwa ya mashine ya zamani si diski kuonekana ndogo. Hiyo angalau unaiona. Hatari ni diski kuonekana nzima, kufanya kazi miezi, halafu siku data inapovuka GB 2048 kidhibiti kinazungusha anwani na kuandika juu ya mwanzo wa diski. Jedwali linafutika, na kazi za kwanza pamoja nalo. Mpaka huo uko kwenye kilobaiti 2,147,483,648 kamili, kwa hiyo tengeneza patisheni inayoanzia hapohapo:

create partition primary size=10240 offset=2147483648
format fs=ntfs quick label=MTIHANI
assign

Anwani ikizunguka, sekta ya kwanza ya patisheni hii itaandikwa juu ya sekta ya sifuri ya diski. Nakili humo faili ya kama GB 5, kisha chukua alama yake ya SHA256 (namba inayobadilika faili ikibadilika hata kidogo):

certutil -hashfile E:\jaribio.avi SHA256

Zima mashine kabisa, subiri nusu dakika, washa, chukua alama tena. Alama ikifanana na list disk ikiwa bado ina nyota chini ya Gpt, umevuka. Diski ikiomba kuanzishwa upya, kidhibiti au draiva bado ni ya biti 32, na hujapoteza chochote.

Ikishafaulu, futa patisheni ya jaribio, tengeneza ya kudumu:

select partition 2
delete partition
create partition primary align=1024
format fs=ntfs quick label=KAZI
assign

Kabla ya kufuta, list partition uthibitishe namba. Ile ya kwanza ya MB 128 ni ya Windows, iache. Hiyo align=1024 inaipanga patisheni sambamba na sekta halisi za 4096 zilizo ndani ya diski. Ikipishana, kila kuandika kunageuka kusoma kisha kuandika, na kasi inaanguka vibaya.

---

mwalimu_tororo

Samahani kwa kuingilia. Shule ina Pentium 4 zenye Windows XP za biti 32. Je, diski ya TB 4 itakubali humo kwa njia hii?

---

fundi_wa_bodi

Mwalimu, hapana, na usipoteze pesa. XP ya biti 32 haisomi GPT kabisa, kwa hiyo kikomo chake ni GB 2048 hata mashine ikiwa na uwezo. Diski ya TB 1 inatosha na inasumbua kidogo.

Hata hiyo TB 1 ina masharti. XP isiyo na SP1 inakomea GB 128 kwa sababu ya anwani za biti 28, na BIOS za kabla ya kiwango cha diski cha ATA-6 nazo zinakomea hapohapo. Ukiona 128 popote, ndilo ukuta huo. Weka SP3, sasisha BIOS ikiwa mtengenezaji alitoa. Kama madabodi ina SATA ya kwanza ya gigabiti 1.5, hasa chipseti ya VIA VT8237, diski za kizazi kilichofuata zinaweza kukataa kusalimiana nayo. Baadhi ya diski zina jampa ya kuzishusha hadi 1.5, mchoro uko kwenye kibandiko. Isiyo na jampa, kadi ya PCI ya SATA inatatua, ila PCI nzima inagawana MB 133 kwa sekunde.

Mwisho, XP huanzisha patisheni kwenye sekta ya 63, ambayo hailingani na sekta za 4096. Tengeneza patisheni kwa Windows 7 au Linux kwanza, ianzie sekta ya 2048, ndipo uipeleke kwenye XP.

---

studio_busia

Ninarudi na majibu. SystemRescue ilionyesha 4000787030016 na 512. losetup ilifungua folda zote, GB 600 zimenakiliwa na zinacheza. Start ilikuwa 3, sasa 0. Draiva imebadilishwa, list disk inasoma 3726 GB. Alama ya SHA256 kabla na baada ya kuzima ni moja.

Modeli ni ileile dada aliyoitaja, ST4000DM004. Kwa hiyo nanasa kwenye GB 250 halafu nahamisha? Inajaa baada ya kanda chache. Na UPS ya VA 650 itatosha?

---

dada_data

Ndiyo, nasa kwenye ndogo, hamisha mwisho wa siku. GB 250 ikiwa na Windows na programu inakuachia kama GB 150, yaani saa 11 za DV. Ikiwa hazitoshi, ongeza SSD ya GB 480 kwenye tundu la tatu. SATA ya 780 ni ya gigabiti 3, itakupa hadi kama MB 270 kwa sekunde, na DV inahitaji chini ya MB 4. Kwa diski ya SMR usiijaze zaidi ya asilimia 90, na ukimaliza kunakili faili nyingi iache iwake nusu saa bila kazi. Inapanga vigae vyake wakati huo, na kuizima mara moja kunaisukumia kazi hiyo kesho.

Ile diski ya kuazima usiifute mpaka upate nyingine ya kudumu. Harusi ya watu haipigwi mara mbili.

---

volti_mbale

VA 650 kwa Core 2 Duo, diski mbili na skrini moja bapa, betri ikiwa nzima, inakupa dakika kadhaa: za kuhifadhi na kuzima, si za kuendelea na kazi. Chukua yenye AVR (kisawazisha volti), maana volti zikiyumba huiumiza saplai polepole, tena zaidi kuliko umeme unapokatika. Unganisha waya wake wa USB na Windows, kwenye powercfg.cpl weka mashine ijizime betri ikifika asilimia 40, kisha chomoa UPS ukutani ujaribu ukiwa umekaa mbele yake. Betri ya miaka mitatu inaweza kuonyesha 100 na kufa kwa sekunde ishirini.

Na usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo.